Kabla ya Chuo cha Ualimu, Mfundishe Mdogo Wako

Mtihani wa kidato cha nne huisha mwezi wa Novemba. Matokeo hutoka Januari. Kupangiwa kidato cha tano au chuo huja miezi kadhaa baadaye, na muda wote huo kijana wa Lushoto anakuwa na kazi moja tu inayotambulika nyumbani: anasubiri. Mmoja anasubiri akiwa kwenye viazi na kabichi za baba yake, mwingine akiwa juu ya bodaboda kati ya Soni na Bumbuli, mwingine ameshateremka Mombo na kudandia basi la Dar es Salaam kwa mjomba. Matokeo yakitoka na yakawa ya kati na kati, kikao cha familia hakichukui muda. "Basi, nenda kasome ualimu. Ualimu hauna hasara."

Sina ugomvi na uamuzi huo. Ualimu wa shule ya msingi umesomesha wadogo na kuezeka nyumba nyingi za bati kutoka Vuga mpaka Mtae. Ugomvi wangu ni na ile miezi. Kijana anagonga mlango wa chuo, iwe Korogwe pale chini au kwingineko, akiwa na alama nzuri za Kiswahili na Hisabati kwenye cheti, lakini hajawahi hata siku moja kumkalisha mtoto wa miaka sita na kumfundisha kitu mpaka akakielewa. Tunadhani chuo kitamalizia kazi. Chuo kina saikolojia ya elimu, kina mbinu za kufundishia, kina maandalio ya somo na wiki chache za mazoezi ya kufundisha, ile BTP wanachuo wanayoihesabia siku. Kinachomfanya mtu aweze kusimama mbele ya darasa la kwanza na watoto wakamfuata ni mambo ya mikono, sauti na masikio, na hayo hukomaa polepole mno kuweza kuenea kwenye ratiba ya chuo chochote. Muda wake ni huu wa kusubiri, na mahali pake ni nyumbani.

Nimesema darasa la kwanza kwa makusudi. Katika shule nyingi mwalimu mgeni ndiye hukabidhiwa darasa hilo, au yule anayehesabu miezi ya kustaafu, na walio hodari hupelekwa la saba kupambana na mtihani wa taifa. Eti kwa wadogo kazi ni nyepesi. Anayeamini hivyo hajajaribu.

Chukua jambo dogo kabisa, kumfundisha mtoto kusoma neno. Tangu mtaala wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, utolewe mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili, mwalimu anatakiwa aanze na sauti ya herufi badala ya jina lake. Kiswahili kinamhurumia mwalimu: irabu ni tano, silabi ziko wazi, kinachoandikwa ndicho kinachosomwa. Mtoto akishazikamata a, e, i, o, u, na akaonyeshwa jinsi midomo inavyofungwa kuitoa m, anaweza kusoma mama, mimi, ama na umia jioni hiyo hiyo. Hapo ndipo kijana anapojiona ameshakuwa mwalimu.

Asubiri kidogo. Mtoto huyo huyo aliyesoma "Mama anapika ugali" kwa sauti ya ushujaa, mfunike ile picha kwa kiganja. Mwonyeshe neno "anapika" peke yake, katikati ya sentensi nyingine. Ataangalia dari. Hakuwa anasoma, alikuwa ameikariri sentensi kutoka kwa wenzake na picha ikamkumbusha. Mwingine anasoma vizuri mpaka akutane na ng'ombe baada ya ngoma, na ile alama ndogo ya king'ong'o haimwambii chochote. Mwingine anaandika "daba" pale unapotaka "baba", na kila ukimrekebisha anageuza upande mwingine. Mambo haya hayaonekani ukiwa umesimama ubaoni mbele ya watoto 90 wanaoitikia "ndiyooo" kwa pamoja. Yanaonekana ukiwa umekaa naye kwenye kigoda, kichwa karibu na kichwa, kidole chake kikiwa juu ya herufi. Aliyewahi kuyaona kwa mtoto mmoja atayatafuta kwa 90. Asiyewahi kuyaona ataridhika na ile ndiyooo miaka yote mpaka pensheni.

Kwa hiyo mfundishe mdogo wako. Kama huna mdogo, wa jirani yupo, Usambara hakuna upungufu wa watoto. Dakika kumi na tano kwa siku zinatosha. Akianza kujikuna mguu na kuuliza mbuzi wako wapi, somo limekwisha hata kama wewe hujamaliza. Andika kwenye daftari ulichomfundisha na pale alipokwama. Daftari hilo litakuwa na thamani kuliko vijitabu vya maswali na majibu vinavyouzwa stendi.

Hesabu nayo iko nje ya mlango. Lushoto ni wilaya ya masoko na magulio, na mtoto wa hapa anaingia darasa la kwanza akiwa ameshauza kitu. Ameuza peasi kwa fungu, amemwona mama akipima nyanya kwa sado, anajua mteja akitoa noti ya elfu moja kwa mafungu mawili ya mia tatu arudishiwe ngapi. Mwulize sokoni, anajibu kabla hujamaliza kusema. Mwandikie ubaoni 1,000 kutoa 600, ananyamaza. Pengo kati ya mtoto wa sokoni na mtoto wa daftarini ndilo eneo la kazi ya mwalimu wa msingi, na kijana anayekaa na mama yake kwenye meza ya mboga Jumapili nzima ana nafasi ya kulipima vizuri. Aanze na vizibo vya soda na vijiti. Kumi afunge kwa kamba ya mgomba, liwe fungu la kumi. Mtoto akiligusa, akilifungua mwenyewe ili "akope" vijiti, kule kukopa kwa ubaoni kunakuwa na maana.

Na kwa darasa la tano na la sita, kuna lumbesa. Kila mkulima wa viazi wa Lukozi na Malindi anajua maumivu yake: gunia linajazwa, halafu linaongezewa kichwa, linashonewa kamba juu ya kichwa hicho, na bei inabaki ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza kufunga mazao kwa uzito unaozidi kilo 100, lakini gunia la lumbesa halisomi sheria. Mwalimu wa kesho anayeweza kuwaambia watoto wakadirie kichwa cha lumbesa kina sado ngapi, wazidishe kwa magunia ya msimu mzima, waone baba amepoteza shilingi ngapi, huyo ana somo la hesabu ambalo halimo kwenye kitabu chochote. Nadhani pia litasimuliwa nyumbani wakati wa chakula cha usiku, jambo ambalo masomo yetu mengi hayalipati.

Mwandiko nitaupitia haraka, ingawa wakaguzi watalalamika. Tafuta ubao wa mbao, upake masizi, nunua chaki. Andika herufi kubwa zinazosomeka kutoka umbali wa darasa zima, mstari ukienda sawa bila kupanda mlima, huku umesimama upande ili usiwape watoto mgongo. Fanya hivyo kila jioni mpaka mkono uzoee. Kompyuta nayo ni hivyo hivyo: jua kuandika barua, kutengeneza jedwali la alama, na kupakua vitabu vya Taasisi ya Elimu kwenye simu. Zaidi ya hapo utajifunza kazini.

Sauti ni jambo zito zaidi. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 kila mtu anajua kiwango hicho kiko wapi na madarasa yako wapi. Kijana akipewa watoto mia moja huanza kupiga kelele, na kufikia siku ya tatu sauti imekauka. Wanaojua kazi hawapigi kelele. Wana wimbo mmoja wa kuwakalisha na mwingine wa kuwanyanyua, wana kibwagizo cha makofi, na wana ujasiri wa kunyamaza kabisa mpaka darasa likashtuka. Haya yanajifunzwa mahali popote penye watoto wengi na mtu mzima mmoja: Shule ya Jumapili, madrasa, kwaya ya watoto, timu ya mpira ya kijijini. Binti aliyeongoza watoto thelathini kuimba kwenye ibada ya Krismasi Mlalo ameshafanya mazoezi ya kufundisha, ila hakuna aliyempa alama. Na kijana aliyemsaidia ustadhi kuwashika watoto wa juzuu amma amejifunza jambo ambalo chuoni litaitwa usimamizi wa darasa.

Pamoja na sauti iende hadithi. Usambara ina hazina ya hadithi ambayo watoto wake wanazidi kuikosa, kwa sababu bibi amebaki na redio na wajukuu wamebaki na simu. Kisa cha Mbegha peke yake kinatosha mwezi mzima wa masomo: mwindaji aliyetoka Nguu, akafukuzwa na ndugu zake, akapanda milimani na mbwa wake, akawaua nguruwe waliokuwa wakila mazao ya watu, akagawa nyama, akaamua kesi, mwishowe Wasambaa wakampa enzi kule Vuga. Abdallah bin Hemedi aliviandika visa vya Mbegha na watawala wa ukoo wake kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, kitabu ambacho kijana wa kidato cha nne Lushoto angepaswa kuwa amekisoma na ambacho wengi hata hawajakisikia. Lakini kukisoma tu hakutoshi. Kaa na mzee mmoja akusimulie. Kisha kisimulie wewe kwa watoto watano, bila karatasi, uone ni wapi wanasogea karibu na ni wapi wanaanza kuchezea majani. Wasikilizaji wa umri huo hawana adabu ya kukuvumilia, na ndiyo maana ni wakaguzi wazuri.

Lugha yenyewe inahitaji subira. Mtoto wa Mgwashi au wa vitongoji vya Mlola anaweza kufika shule akiwa na Kisambaa kingi na Kiswahili cha kuokoteza. Kuna nyumba ambamo kinazungumzwa Kimbugu, lugha ambayo wataalamu wa lugha wamesafiri kutoka Ulaya kuja kuichunguza na ambayo baadhi ya watoto wetu huona haya kuitamka mbele ya wenzao. Lugha ya kufundishia ni Kiswahili, na iwe hivyo. Ila mwalimu anayeweza kumwamkia mtoto "Onga maundo" asubuhi ya kwanza, akamweleza kwa lugha ya mama yake chooni ni wapi na maji ya kunywa yako wapi, amemwondolea hofu ya wiki mbili. Siamini kwamba hilo linaharibu Kiswahili cha mtu yeyote. Na kijana Msambaa asibweteke kwa kusema hayo anayo tayari: ajira ya ualimu ni ya nchi nzima, kesho atapangiwa Sumbawanga au Tarime, na yeye ndiye atakuwa asiyejua salamu. Kinachofaa kujengwa mapema ni tabia ya kuuliza watu wanasemaje na kutoona aibu wakikucheka.

Tabia hiyo ya kuuliza ina historia yake hapa milimani. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikuja na mradi wa kuhifadhi udongo wa Usambara, ulioanzia bonde la Mlalo. Wataalamu walikuwa sahihi kwamba udongo unateremka na mvua. Hilo hata leo mtu halibishi akitazama makorongo ya baada ya masika. Wakaamuru kila mkulima achimbe matuta, asiyechimba apigwe faini au afungwe. Hawakuuliza nani atayachimba, na wachimbaji kwa sehemu kubwa walikuwa wanawake, wala shamba dogo la mteremkoni litabaki na nafasi gani ya kupanda. Watu walikataa, wanawake wakiwa mstari wa mbele, na mwaka 1957 mradi ukaachwa. Mwalimu kijana huja kijijini kwa namna hiyo hiyo. Ana hoja sahihi, kwamba mtoto asikose shule siku ya gulio. Anaita mkutano, anasoma sheria, anatishia, na Alhamisi inayofuata madawati yako wazi vile vile. Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha ukoo, cha vikoba au cha msiba, akajifunza kunyamaza mpaka wakubwa wamalize na kuanza hoja yake kwa pole na salamu, atamwuliza mama kwanza nani mwingine anaweza kumshikia meza ya mboga. Stadi hiyo haina cheti.

Kijana wa Lushoto ana bahati nyingine ambayo wenzake wengi hawana. Barabara ya Irente, ile watalii wanayopita kwenda kutazama tambarare ya Mazinde kutoka kwenye mwamba, inaelekea pia kwenye shule ya watoto wasioona ya Kanisa la Kilutheri. Humo mtoto anasoma kwa ncha za vidole, nukta sita za nundu zikipangwa kwa namna tofauti kwa kila herufi, na mwalimu hawezi kusema "tazameni hapa" halafu akaendelea na mambo yake. Lazima aseme kila kitu: mstatili una pande nne, mbili ndefu, shika hii ndefu, fuata kona. Lushoto hiyo hiyo ina shule ya watoto wenye ulemavu wa akili na usonji, Irente Rainbow, ambako kufunga kifungo cha shati ni somo lenye hatua zake, na kila hatua inashangiliwa.

Siwashauri vijana waende huko kutalii, na wala wasiende kupiga picha. Waandike barua, waombe ruhusa ya mwalimu mkuu, wakubali kupangiwa kufua, kubeba maji na kuwasindikiza watoto bwaloni, na macho yao yawe wazi muda wote. Wiki kadhaa za kumsikiliza mwalimu wa wasioona akieleza umbo kwa maneno matupu zinabadilisha namna mtu anavyoeleza kitu chochote kwa yeyote. Zaidi ya hapo, darasani kwake kesho kutakuwa na mtoto anayekunja uso kusoma ubao kutoka dawati la nyuma, na mwingine anayeitwa mkaidi kwa sababu sikio moja linatoa usaha tangu utotoni. Darasa la kawaida limejaa watoto hao. Wanahitaji mtu aliyezoea kujiuliza mtoto anaona nini na anasikia nini kabla ya kuuliza ana akili gani.

Hapo ndipo ninapofikia fimbo, na sitazunguka. Kanuni za nchi zinaruhusu viboko kwa masharti: kwa idhini ya mwalimu mkuu, visizidi vinne, kosa liandikwe kitabuni. Kila mzazi anajua masharti hayo yanavyofuatwa. Mwaka 2018 mkoani Kagera mwanafunzi wa shule ya msingi alifariki baada ya kuchapwa, na mwalimu akasimama kizimbani. Sheria tutaendelea kuijadili. Maoni yangu ni kwamba siku zake zimehesabika. Ninachosema kwa kijana ni kwamba hasira haianzii kazini. Kama unampiga mdogo wako kofi kwa sababu amesahau silabi uliyomfundisha jana, hiyo ni habari muhimu kuhusu wewe, na ni afadhali uipate sasa jikoni kwa mama kuliko kuipata ukiwa na watoto wa watu. Jifunze kutoka nje, unawe uso kwa yale maji ya baridi ya Julai, urudi. Ukijaribu miezi na ukaona huwezi, basi umejua pia, na kazi za heshima ni nyingi.

Fedha nazo. Mwalimu mpya anafika kituoni bila godoro, mshahara wa kwanza unachelewa, na mikopo ya kausha damu inamsubiri mlangoni, kadi ya benki ikiwekwa rehani pamoja na namba ya siri. Nimewafahamu walimu hodari ambao akili yao darasani iliishia tarehe kumi ya kila mwezi kwa sababu ya madeni. Anayepanda bustani ya karoti akiwa anasubiri chuo, akaandika alichotumia na alichopata, akaweka akiba ya nauli, amejilinda kuliko anavyofahamu.

Naujua ubishi utakaokuja. Mkufunzi mmoja mstaafu aliniambia bila kupepesa macho kwamba mambo haya ni ya kuwakatisha tamaa vijana, kwamba mwalimu hutengenezwa chuoni, na kwamba nchi iliwahi kujaribu kuanza na darasa kabla ya chuo, matokeo tukayaona. Alikuwa anamaanisha UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote.

Tuukumbuke vizuri basi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe shuleni ifikapo mwaka 1977. Walimu hawakuwepo. Serikali ikachukua wahitimu wa darasa la saba, ikawaweka katika shule za vijijini kwa miaka mitatu: sehemu ya siku wakifundisha wadogo, sehemu wakifundishwa na mkufunzi kwenye kituo cha karibu, huku wakisoma kwa vijitabu vya posta na vipindi vya redio, na mwishoni wiki chache chuoni. Makumi ya maelfu walipita njia hiyo. Watani wakasema UPE maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu, na kejeli hiyo iliwafuata mpaka walipostaafu.

Udhaifu wao ulikuwa wa kweli. Mtu aliyeishia darasa la saba akiulizwa swali la sehemu na asilimia na mtoto mwerevu alikuwa anapata shida, na watoto waliolipa gharama hiyo wapo. Lakini walichokuwa nacho hatukukipima. Walikijua kijiji na kijiji kiliwajua. Waliimba, walilima shamba la shule, waliingia nyumbani kwa mtoro na kuombwa wakae wanywe uji. Wengi waliojifunza kusoma milimani hapa miaka ya 1980 walishikwa kidole na watu hao. Miaka thelathini baadaye tukafanya kinyume chake: kuanzia mwaka 2006 shule za sekondari za kata zilipochipua kila kona, wahitimu wa kidato cha sita wenye masomo yao kichwani walipewa mafunzo ya wiki chache na kutumwa madarasani, mitaani wakabatizwa Voda fasta. Hao walikosa ile nusu ambayo wa UPE walikuwa nayo. Mhitimu wa kidato cha nne wa leo anayeanza kumfundisha mdogo wake mwezi wa Desemba na kuingia chuo baadaye kwa stashahada ana uwezo wa kushika nusu zote mbili, bila serikali kutumia senti.

Ubishi wa pili ni mzito zaidi na unatoka kwa vijana wenyewe. Wanasema: mtaani kuna wenye vyeti na shahada za ualimu wanaojitolea kwa posho ya sabuni, wanapanga foleni ya usaili kwa maelfu, na wewe unataka sisi wa kidato cha nne tujitolee pia? Wana haki. Shule inayomchukua kijana asiye na mafunzo na kumwachia darasa zima kwa sababu walimu hawatoshi inamnyonya yeye, inawanyima watoto haki yao, na inaipa halmashauri kisingizio cha kutoajiri. Ndiyo maana nimekaa upande wa kigoda cha nyumbani, Shule ya Jumapili, madrasa na meza ya mboga, na hata Irente nimesema afue na kubeba maji. Mtoto mmoja au watano, chini ya macho ya mtu mzima, bila kuchukua nafasi ya mwalimu yeyote anayestahili kulipwa. Wala sisemi haya yatampa ajira. Foleni ya usaili ni suala la bajeti, na daftari la mdogo wako halitaifupisha.

Ninachotaka kutoka kwa wenye mamlaka ni kidogo. Leo maombi ya chuo cha ualimu wa msingi yanauliza alama za masomo, na baada ya hapo kompyuta inachagua. Iongezwe hatua moja. Mwombaji aitwe, apewe watoto sita wa darasa la kwanza na dakika kumi na tano, awasimulie hadithi fupi au awafundishe silabi mbili, mkufunzi akiwa amekaa pembeni na kalamu. Asitafute ufundi, huo ni wa kufundishwa. Aangalie kama mwombaji anainama kufikia kimo chao, kama anamwona yule wa pembeni asiyeitikia, kama anafunika ile picha kwa kiganja. Alama zibaki na uzito wake, kwa sababu tumeshaona gharama ya mwalimu asiyejua somo. Lakini kati ya wawili wenye daraja la tatu linalolingana, dakika hizo ziamue. Mwombaji ambaye wazazi walimwambia tu ualimu hauna hasara atajulikana mapema, na mwenye daftari la mdogo wake kwapani atajulikana pia.

Gharama? Vyuo vingi vina shule ya mazoezi ubavuni, kwa hiyo watoto wapo. Inabaki boksi la chaki, benchi moja, na asubuhi kadhaa za wakufunzi ambao kazi yao ndiyo hiyo. Korogwe wanaweza kujaribu na waombaji wa mwaka huu.